Pugu, Gongo la Mboto na reli ya Mjerumani: hivi sisi watoto wa relini tunasherehekea lini?

#1 Mpanda Behewa
Wakuu heshima kwenu.

Juzi nimepanda SGR naenda Moro, nikakaa dirishani makusudi kabisa maana nilitaka niione Pugu yangu nikiwa juu ya treni ya umeme. Aisee sijamaliza hata kufungua karanga Pugu imeshabaki nyuma. Nimezaliwa pale, mzee wangu alikuwa fundi karakana ya reli mjini na kila siku ya Mungu alikuwa anatoka Pugu anarudi Pugu, siku nyingine daladala, siku nyingine anadandia treni ya mizigo kwa vile anajuana na gadi. Ukisikia honi saa moja usiku unajua mzee karudi, mama anapakua ugali.

Sasa hoja yangu. Pugu ndio kitongoji cha kwanza nchi hii kuzaliwa na reli, watu wanakaa pale kazi wanafanya mjini, zaidi ya miaka mia. Lakini hakuna kibao, hakuna siku ya kumbukumbu, hakuna chochote. Hata lile handaki la treni la Mjerumani pale Pugu limeachwa kwa popo. Na kwa nini liliachwa? Nimeuliza wazee watatu nimepata majibu matatu.

Karibuni.

#2 Konda Mstaafu
Nimekaa siti ya mbele. Ila uzi wa handaki bila picha ya handaki ni uzi gani huo mkuu.

#3 Mswahili wa Kisarawe
Mleta uzi umeanza vizuri ukaharibu kwenye "kuzaliwa na reli". Pugu haijazaliwa na reli. Wamisionari Wabenediktini walijenga pale 1888, na Januari 1889 ikavamiwa na kuchomwa kwenye vita vya Abushiri, wengine wakauawa wengine wakachukuliwa mateka. Reli ya Kati imeanza kujengwa Dar 1905. Kwa hiyo reli imeikuta Pugu ina makovu tayari.

Na hao wamisionari nao waliwakuta Wazaramo wanalima. Tusisahau hilo, maana historia za hapa kwetu huwa zinaanza siku mzungu alipofika.

La pili, msitu wa Pugu mnaoimbia kila siku uko wilaya ya Kisarawe, mkoa wa Pwani. Nyinyi wa Dar mnachukua jina tu.

#4 Tanga Raha
Naongezea kipigo hapo. Reli ya kwanza nchi hii ni ya Tanga, imeanza kujengwa 1893, 1896 ilikuwa imefika Muheza. Mwaka 1905 nyinyi ndio mnaweka jiwe la msingi Dar, sisi treni imeshafika Mombo. Kama ni sherehe ya kitongoji cha kwanza cha reli tuanzie kwetu halafu Pugu mje kama wageni waalikwa, mtapewa na chai.

#5 Mpanda Behewa
Hahaha nimekubali yaishe. Nirekebishe: kitongoji cha kwanza cha reli *kwa Dar*. Tanga mna haki yenu ila na nyie mnasherehekea nini? Maana mara ya mwisho napita Muheza sikuona kibao pia.

#6 Tanga Raha
Hapo umenishika.

#7 Fundi Mataruma
Ngoja niweke mambo sawa maana nimekula mkate wa reli miaka mingi, na baba yangu kabla yangu.

Kampuni iliyojenga ilikuwa Philipp Holzmann ya Ujerumani. Wameanza Dar 1905, mwaka huohuo Maji Maji inawaka huko kusini, na Desemba 1907 wamefika Morogoro. Tabora 1912, Kigoma mwanzoni mwa 1914, na miezi michache baadaye vita ya kwanza ya dunia ikaanza, kwa hiyo Mjerumani hata hakuifaidi. Reli upana wake mita moja. Baada ya vita akaja Mwingereza, 1948 ikawa East African Railways and Harbours, jumuiya ikavunjika 1977 tukabaki na TRC, 2007 ikakabidhiwa kwa ubia na Wahindi ikaitwa TRL, baadaye serikali ikairudisha, na 2017 ikawa TRC tena. Mzee wangu alikuwa anasema amevaa kofia tatu za kazi kwa kichwa kimoja.

Sasa Pugu. Ukitoka Dar ni tambarare, kilima cha kwanza treni inakutana nacho ni Pugu. Kwa mtu wa daladala kilima kile si kitu, kwa treni ni habari nyingine kabisa, treni haipendi mwinuko, inapenda kuzunguka au kutoboa. Ndio maana ya handaki. Liliachwa kwa sababu ya udongo. Pale chini ni kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo, kiangazi ni mgumu kama jiwe, masika ukilowa unateleza kama sabuni. Huwezi kupitisha treni ya mizigo chini ya sabuni kila masika. Wakahamisha njia.

#8 Binti Karakata
Mimi sijui habari za Mjerumani, nakuja na ushuhuda wangu. Nimekulia Karakata, nyumba yetu na reli hapo katikati ni njia ya miguu tu. Treni ikipita glasi kabatini zinagongana, wageni wanashtuka sisi tunaendelea kula. Mama hakuwa na saa ya ukutani, treni ndio ilikuwa saa. Siku treni ikichelewa na sisi tunachelewa shule, na mwalimu haelewi ukimwambia "treni haijapita".

Ilipokuja treni ya abiria ya Pugu mwaka 2016 nilikuwa nafanya kazi Kariakoo dukani. Mwezi mzima wa kwanza nilipanda kwa raha tu, foleni ya Nyerere Road naiangalia kwa mbali kama sinema. Watu waliimba kwaya mle ndani asubuhi, kuna mama alikuwa anagawa maandazi kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi.

#9 Mla Chipsi
@Binti Karakata mama wa maandazi ya mkopo namkumbuka!! Nadaiwa mpaka leo, kama upo humu mama nisamehe, nilihamia Mbagala.

#10 Konda Mstaafu
Yule alikuwa na daftari. Usiseme umehama, sema umekimbia.

#11 Kichwa cha Treni
Fundi Mataruma nakuheshimu ila hoja ya udongo siikubali moja kwa moja. Wao walikuwa wanajua udongo toka siku ya kwanza, si ndio waliouchimba. Mimi nilivyosikia ni ukubwa wa mabehewa. Handaki limechimbwa kwa vichwa na mabehewa ya wakati ule, baadaye Mwingereza kaleta vyombo vikubwa zaidi, vikawa vinapita kwa kubana. Kupanua handaki ni gharama kuliko kuweka njia pembeni.

#12 Mswahili wa Kisarawe
Na mimi nina la tatu. Babu yangu alikuwa anasema tatizo ni ile kona na mwinuko wa kuingilia, treni ikiwa na mzigo inakata pumzi inabidi irudi nyuma ichukue kasi upya. Abiria wanashuka wanachuma maembe wanarudi treni bado ipo palepale. Sasa hiyo ya maembe sijui kama ni kweli au babu alikuwa anatia chumvi, alikuwa mtu wa chumvi sana.

#13 Fundi Mataruma
@Kichwa cha Treni kwani mtu akijua nyumba inavuja ndio haihami? Wamejua udongo, wamejaribu, umewashinda. Hoja yako ya ukubwa ina mantiki lakini nionyeshe mtu aliyepima.

@Mswahili wa Kisarawe ya babu yako inawezekana kabisa pamoja na maembe yake. Treni za mvuke zilikuwa zinakata pumzi kweli.

#14 Kijana wa Vingunguti
Wakuu tunatafuta kumbukumbu mbali wakati tunatembea nazo mdomoni. Sikilizeni konda anavyoita: Stesheni, Kamata, Tazara, Tabata Relini, Pugu Stesheni. Nusu ya vituo vya Dar ni reli. Na Nyerere Road yenyewe wazee mpaka leo wanaita Pugu Road, kwa sababu ndio lilikuwa jina lake. Kamata ndio walipokuwa wanakamatwa wanaodandia treni bure, akiwemo mzee wa mleta uzi 😂

#15 Konda Mstaafu
Kijana usitudanganye mchana kweupe. KAMATA ni Kampuni ya Mabasi ya Taifa, karakana yao ilikuwa pale. Nimepanda mabasi yao mwenyewe kwenda Mahenge. Hakuna cha kukamatwa.

#16 Kijana wa Vingunguti
Eeh! Miaka thelathini nimeamini ya kukamatwa. Nani alinidanganya sijui.

#17 Mama Pwani
Hodi wajukuu. Mnaongelea Pugu mnamsahau Mwalimu? Nyerere alikuwa mwalimu pale shule ya St. Francis baada ya kurudi kutoka Uingereza, akafundisha mpaka 1955 alipoambiwa achague kufundisha au siasa. TANU imezaliwa Julai 1954 yeye akiwa mwalimu wa Pugu. Wikiendi anashuka Dar kuonana na kina wazee wa Kariakoo. Kwa hiyo na yeye alikuwa mtu wa Pugu mwenye shughuli mjini, kama baba yake mleta uzi.

#18 Mpanda Behewa
Shikamoo bibi. Hilo nilikuwa nimeliweka akiba! Sasa swali: alikuwa anashuka kwa treni?

#19 Mama Pwani
Marahaba. Sisi tuliambiwa kwa miguu.

#20 Kichwa cha Treni
Kwa miguu kilomita ishirini na ushei? Kwenda na kurudi? Na Jumatatu anaingia darasani? Stesheni ipo hapo mlangoni. Mimi naweka hela yangu kwenye treni.

#21 Mswahili wa Kisarawe
Watu wa zamani kilomita ishirini ilikuwa kwenda dukani. Halafu kuwepo stesheni si kuwepo treni ya saa unayoitaka wewe. Mwalimu anatoka darasani Ijumaa jioni, treni ya bara ndio kwanza ipo Tabora huko. Mimi nasema miguu, na akibahatika lori la mkaa anapanda.

#22 Binti Karakata
Kwa nini isiwe vyote? Wiki hii miguu, wiki ijayo treni, mwezi ujao gari la rafiki. Mimi mwenyewe ndani ya wiki moja nilikuwa napanda treni, daladala na bodaboda, na mtu akija kuandika habari zangu sijui atachagua ipi.

#23 Mtoto wa Gerezani
Mnasherehekea Pugu, sisi wa Gerezani tufanyeje? Watu wa reli wenyewe walikuwa wanakaa kwetu, kwenye nyumba za kota. Milango yote rangi moja, ukirudi umelewa unaingia kwa jirani na hakuna anayeshangaa. Baba akipewa uhamisho kwenda Tabora mnapakiwa na kuku wenu kwenye behewa. Zile kota leo hazipo, mwendokasi imepita. Silaumu maendeleo, lakini siku wanavunja nilienda nikaokota kitasa cha mlango wetu. Ninacho mpaka leo, mke wangu anauliza cha nini.

#24 Mla Chipsi
Mkuu hicho kitasa ndio makumbusho yenyewe, usimpe mtu wa chuma chakavu.

#25 Kamau wa Mtaa wa Kati
Sasa watu wa Bongo, Nairobi hapa. Huku mji mzima ni mtoto wa reli, kabla reli ifike 1899 hapa kulikuwa kinamasi na mifugo ya Wamaasai. Muthurwa na Makongeni zilijengwa za wafanyakazi wa reli, na hiyo barabara inaitwa Landhies ni kwa sababu ya hizo nyumba, landhi. Makumbusho ya reli tuko nayo tangu 1971, hata lile behewa Ryall, yule polisi wa reli, aliliwa na simba akiwa ndani pale Kima mwaka wa 1900 liko hapo unaliona. Nyinyi mna nini?

Na hiyo treni yenu ya mjini ya 2012, stesheni yetu ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 13 mwaka huohuo. Mlitushinda na wiki mbili pekee.

#26 Konda Mstaafu
Wiki mbili ni wiki mbili bwana Kamau. Yetu imeanza mwishoni mwa Oktoba. Weka kumbukumbu hapo kwenye makumbusho yenu.

#27 Mpanda Behewa
Asante Kamau. Kwa wasiokumbuka, hiyo ndio "treni ya Mwakyembe", tumeipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Zilikuwa mbili siku moja, moja kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa kwenye reli ya Mjerumani, nyingine ya TAZARA hadi Mwakanga kwenye reli ya Mchina. Ya Ubungo nilipanda wiki ya kwanza, nauli mia nne. Watu walikuwa wanapanda kwenda na kurudi bila shughuli, wanapunga mikono dirishani kama wanaenda Ulaya.

#28 Fundi Mataruma
Na hizo mbili hata mngetaka kuziunganisha haziwezi kupita njia moja. Ya Kati ni milimita 1,000, TAZARA ni 1,067. Tofauti haijai vidole vinne. SGR nayo 1,435. Mji mmoja, reli tatu, hakuna behewa linalohama moja kwenda nyingine. Hiyo nayo wekeni kwenye kibao chenu.

#29 Mbongo wa Chicago
Salaam kutoka kwenye baridi. Hapa kuna kitongoji kinaitwa Riverside, nje kidogo ya Chicago, nilikuwa nasafisha nyumba za watu huko nilipofika kwanza. Kilichorwa na Olmsted na mwenzie Vaux 1869, makusudi kabisa kwa ajili ya watu wa kupanda treni kwenda kazini mjini. Barabara zake hazijanyooka, zinapinda kama mto, wiki ya kwanza nilipotea kila siku nikadhani nimerogwa. Taa za gesi za barabarani wameziacha mpaka leo. Mnara wa maji wa 1871 upo pembeni ya stesheni, uliungua ukajengwa tena, na kitongoji chote kimetangazwa cha kihistoria tangu 1970, na treni bado inasimama, unateremka unatembea nyumbani.

Sasa mnachotakiwa kujua, kampuni iliyoanzisha mradi ule ilifilisika miaka michache tu baadaye, Chicago iliungua 1871 na 1873 uchumi ukaanguka. Mwanzo wake si mzuri hivyo, ila waliobaki ndio waliolinda.

#30 Kijana wa Vingunguti
Taa za gesi tangu mwaka 47! Kwetu taa ya barabarani ikiwekwa Jumatatu, Jumatano betri imeondoka.

#31 Mswahili wa Kisarawe
Mbongo wa Chicago asante ila hapo pana tofauti moja kubwa. Kile kilichorwa kwa matajiri waliotaka kukimbia moshi. Pugu na Gongo la Mboto hakuna aliyetuchorea. Watu walijisogeza wenyewe kando ya reli kwa sababu kiwanja kilikuwa bei chee.

#32 Mkazi Mpya wa Zamani
Na waliojisogeza ndio waliokuja kupigwa X. Nasema kwa ufupi maana inauma. Nyumba ya mama ilikuwa na ukuta wa tofali za kuchoma alizojenga kwa kuuza machungwa treni ya bara ikisimama. Wakaja watu na kopo la rangi nyekundu, wakaandika, wakasema tuko ndani ya hifadhi ya reli. Mama akawauliza "reli ndio imenilisha, leo imenifukuza?" Hawakuwa na jibu, walikuwa vijana tu wametumwa. Kwa hiyo mkifanya sherehe yenu mtukumbuke na sisi.

#33 Mpanda Behewa
Pole sana mkuu. Umeongea.

#34 Tanga Raha
Pole ndugu yangu.

#35 Mla Chipsi
Tubadilishe hewa kidogo. Kuna anayejua Gongo la Mboto maana yake? Mimi nilidhani Mboto alikuwa muuza gongo.

#36 Kichwa cha Treni
Kila mtu alidhani hivyo. Ila gongo pia ni rungu, fimbo nene. Huenda Mboto alikuwa mzee wa rungu, anafukuza watoto kwenye mihogo yake.

#37 Mama Pwani
Wajukuu, gongo la kunywa na gongo la kupiga yote yapo, lakini kwetu tukisema gongo ni pori pia, kichaka kizito. Pori la Mboto. Fikirieni palivyokuwa kabla hamjajaa.

#38 Konda Mstaafu
Bibi kwa heshima zote, mimi nimepiga ruti ya G/Mboto miaka kumi na moja, na ushahidi wa gongo la kunywa niliuona kila Jumamosi usiku siti ya nyuma.

#39 Mtoto wa Gerezani
😂😂 Tuirudishe treni relini. Nimempigia shangazi yangu, alikuwa mke wa mtu wa gengi la matengenezo ya reli enzi hizo wanakaa zile nyumba za kando ya reli. Nimemuuliza handaki liliachwa kwa nini. Kajibu: "Aliyekwambia limeachwa nani? Sisi tulikuwa tunapita humo kila siku kwenda kuchota maji." Nikamuuliza na treni je? Kasema treni hakumbuki, anakumbuka popo na baridi.

#40 Fundi Mataruma
Huyo shangazi aje humu kwenye uzi haraka.

#41 Kichwa cha Treni
Na aje na futi, tupime ile hoja yangu.

#42 Mpanda Behewa
Basi tufanye hivi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukutane Pugu Kajiungeni saa mbili asubuhi, msituni kuna taratibu zake za kuingia nitaziulizia. Fundi Mataruma abebe tochi, Kichwa cha Treni abebe futi, Gerezani alete kitasa. Tanga mnakaribishwa kama wageni waalikwa.

#43 Tanga Raha
Chai ipo?

#44 Binti Karakata
Ipo, na maandazi, ila Mla Chipsi anakuja na hela mkononi.

#45 Konda Mstaafu
Nimesoma kurasa zote mpaka mwisho. Picha ya handaki bado.